Sheria na Ufundi Mpya: Somo juu ya Feza ya Telefone



Wengi kati yetu tunafikiri kama sheria na ufundi mpya ni paka na panya. Mtu anavumbua kitu, serikali inakuja na karatasi na muhuri, kitu kinakufa. Wengine wanasema kinyume: afazali serikali izuie vitu vyote vipya mpaka tuvijue vizuri, kwa maana vitu vipya vinakula feza ya maskini. Maneno haya mawili tumeyasikia mara nyingi katika kozi ya uraia, na kila upande unapigiwa makofi.

Katika somo hili tunataka kuonyesha kama pande zote mbili zinasahau neno moja. Sheria si ya namna moja. Iko ile inayofunga njia. Iko ile inayochelewa mpaka wezi wamekwisha kushiba. Na iko nyingine ambayo bila hiyo kitu kipya hakingekomaa hata kidogo, kwa sababu watu wasingekitumaini. Kusudi tuelewe tofauti hiyo, tutafuata mfano mmoja ambao kila mtu hapa anaujua kwa mkono wake mwenyewe: feza ya telefone. Minervali ya wengi kati yetu inafika kwa njia ile. Lakini kwanza mfano mmoja wa zamani, ambao unachekesha kidogo.

MTU MWENYE BENDERA NYEKUNDU

Mwaka wa 1865 bunge la Uingereza lilitoa sheria juu ya mashini zinazotembea barabarani kwa nguvu zao wenyewe. Ilisema kama kila mashini inapashwa kuwa na watu watatu. Mmoja wao atatangulia kwa miguu, metre 55 hivi mbele ya mashini, ameshika bendera nyekundu kusudi awaonye watu na farasi. Tena mashini isipite kilometre 6 na kidogo kwa saa; ndani ya mji kilometre 3 tu. Yaani mbuzi angeweza kuipita.

Msicheke sana. Wakati ule mashini za barabarani zilikuwa mitambo mizito ya mvuke, zilibomoa barabara na daraja, na farasi walizikimbia kwa hofu. Waliotunga sheria waliona hatari ya kweli. Makosa yalikuwa mahali pengine: sheria iliandikwa juu ya mashini ya namna moja, kiisha ikaangukia mashini ya namna nyingine. Mwaka wa 1886 Karl Benz alipata hati ya uvumbuzi wa motokari yake huko Udachi, chombo chepesi cha petroli, lakini Uingereza motokari nyepesi vilevile ilihesabiwa sawa na mtambo mzito. Bendera yenyewe iliondolewa mwaka wa 1878, lakini mtu wa kutangulia kwa miguu alibaki mpaka mwaka wa 1896. Katika mwaka ule sheria ikabadilishwa, na motokari nyepesi zikaruhusiwa kwenda kilometre 22 hivi kwa saa.

Basi mfano huu unatuachia ulizo moja ambalo tutalibeba katika somo lote: hatari yenyewe iko wapi? Anayeandika sheria pasipo kutafuta mahali pale, anaandika juu ya kila kitu.

FEZA ILIYO NDANI YA TELEFONE IKO WAPI?

Mama muuzaji wa samaki akiwa na dola 30 katika telefone yake, anaweza kuuliza: "Ile feza yangu iko wapi? Iko ndani ya telefone? Telefone ikianguka mu maji, feza nayo inakufa?" Ni ulizo la akili sana, na wanafunzi wengi wa mwaka wa sita hawawezi kulijibu. Tulijibu kwa hesabu.

Mwenye kabini anaanza kazi na dola 200. Dola 120 amezipeleka kwa kompani, naye amepewa feza ya telefone ya dola 120. Dola 80 zinazobaki ni noti, ziko katika sanduku lake. Mama anamletea noti za dola 30 kusudi ziingie katika telefone. Mwenye kabini anapokea noti, anamtumia mama feza ya telefone. Sasa mwenye kabini ana dola 90 za telefone na dola 110 za noti. Ukijumlisha ni 200 tu, sawa na mbele.

Mama anatuma zile dola 30 kwa mtoto wake anayesoma Kisangani. Mtoto anaenda kwa kabini nyingine ya kule, yenye dola 50 za telefone na dola 150 za noti, na anasema anataka kutosha feza. Anapewa noti za dola 30. Kabini ile sasa iko na dola 80 za telefone na dola 120 za noti. Hapa pia jumla ni 200. (Tumeacha pembeni ile beyi inayokatwa kwa kazi, kusudi hesabu isiwe ndefu.)

Angalia vizuri: hakuna noti hata moja iliyosafiri. Hakuna dereva aliyebeba bahasha, hakuna mtu aliyeshika feza ndani ya viatu akipita vizuizi vya barabarani. Kilichosafiri ni maandiko katika kitabu cha hesabu cha kompani. Na feza ya telefone yote pamoja haikuongezeka, haikupunguka, imehama tu.

Basi noti za kwanza, zile dola 120 ambazo mwenye kabini alipeleka kwa kompani, ziko wapi? Hapa ndipo hatari inakaa. Kompani ingeweza kuzila: kununua motokari, kulipa madeni yake. Ingeweza vilevile kuandika feza ya telefone ambayo haina noti nyuma yake, na hiyo ingekuwa sawa na kuchapa feza ya uongo. Tena kompani ikifilisika, wale wanaoidai wangekuja kukamata kila kitu, pamoja na dola 30 za mama yetu wa samaki. Telefone ikianguka mu maji, hapana neno. Mama atanunua nyingine, atatafuta namba yake tena. Lakini kompani ikila ile feza, hakuna kabini itakayomlipa.

Ukiisha kuelewa hesabu hii, utaelewa ni sheria gani inahitajika.

KENYA, MWAKA 2005 MPAKA 2007

Jirani zetu wa Kenya walikutana na ulizo hili mbele ya wengine wengi. Kompani ya telefone Safaricom, pamoja na Vodafone ya Uingereza, ilianza kujaribu kazi inayoitwa M-Pesa. "M" ni mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya kitu cha kubebeka, na pesa mnajua, ni feza kwa Kiswahili chao. Serikali ya Uingereza iliweka sehemu ya feza ya majaribio. Mwezi wa 10 mwaka wa 2005 walianza na watu karibu 500 tu, Nairobi na Thika, pamoja na shirika la kukopesha watu wadogo linaloitwa Faulu.

Shabaha ya kwanza haikuwa ile tunayoijua leo. Walitaka tu kwamba mtu aliyekopa arudishe deni lake kwa telefone, asipoteze siku nzima kwenda kwenye mkutano wa kikundi. Lakini watu wale 500 walifanya mambo yao. Walitumiana feza kati yao. Wengine waliiweka feza katika telefone asubuhi mbele ya kusafiri, na kuitoa jioni wakifika, kusudi wezi wa njiani wasiipate. Wengine walituma kwa wazazi kijijini. Wavumbuzi wenyewe walijifunza kwa watu kazi ya chombo chao ni nini. Tunaomba mshike neno hilo, kwa maana linatuonyesha sababu gani sheria kamili haiwezi kuandikwa siku ya kwanza: siku ya kwanza hata mwenye kitu hajui kitatumiwa namna gani.

Sasa Banki Kuu ya Kenya ilipashwa kuamua. Sheria ya mabanki ilikuwapo, lakini haikusema kitu juu ya feza ya telefone. Njia mbili nyepesi zilikuwa mbele yake. Ya kwanza, kusema: "Hakuna sheria, kwa hiyo imekatazwa." Ya pili, kusema: "Hakuna sheria, basi fanyeni mnavyotaka." Banki Kuu haikushika hata moja. Waliuliza kwanza: banki ni nini? Wakajibu kama banki ni ile inayopokea feza ya watu na kuikopesha kwa wengine, nayo inaweza kupotea katika mikopo. Kama Safaricom haikopeshi feza ya wateja hata shilingi moja, si banki, na hakuna haja ya kuifungia mzigo wote wa sheria ya mabanki. Lakini inapashwa kuonyesha kweli kama haiikopeshi wala haiili.

Mwezi wa 2 mwaka wa 2007 Banki Kuu ikaandika barua ya kusema haina kipingamizi. Tarehe 6 mwezi wa 3 kazi ikafunguliwa kwa watu wote. Barua peke yake, si kitabu cha sheria! Lakini nyuma ya barua ile kulikuwa masharti. Feza yote ya wateja iwekwe katika banki ya kweli, katika konti ya amana ambayo si mali ya Safaricom, nayo Safaricom isiiguse. Faida inayozaliwa na ile feza isiingie mfukoni mwa kompani. Ikapelekwa kwa kazi za kusaidia watu. Kila anayejiandikisha aonyeshe kitambulisho chake. Na kipimo kiwekwe: mara ya kwanza mtu hakuweza kutuma zaidi ya shilingi 35 000 kwa mara moja, wala kuweka zaidi ya shilingi 50 000.

Linganisheni masharti haya na hesabu yetu ya kabini. Yanashika mahali pale penye hatari, feza ya mama wa samaki, na kuacha mengine yote wazi. Hakuna sharti linalosema kabini ijengwe kwa matofali, ao mwenye kabini awe na diploma ya uchumi. Ndiyo sababu duka la chumvi, mwuza dawa na fundi wa telefone waliweza kuwa kabini. Banki ingalipashwa kujenga ofisi na kuweka walinzi, na kijiji kisingaliiona hata baada ya miaka 20. Kipimo nacho kina akili yake: kitu kikianguka, kianguke kikiwa kidogo.

Watu walipita milioni moja kabla mwaka ule wa 2007 haujaisha. Mwisho wa mwaka wa 2009 walikuwa karibu milioni 9.

MABANKI YANALALAMIKA

Msifikiri njia ilikuwa laini. Mwezi wa 12 mwaka wa 2008, wakati mabanki yalipokuwa yakilia kama kompani ya telefone inafanya kazi ya banki pasipo sheria ya banki, Waziri wa Feza wa muda, John Michuki, alisema wazi kama hana uhakika M-Pesa itaishia vizuri, na akaomba uchunguzi ufanywe. Watu waliogopa. Katika nchi nyingi jambo lingeishia pale: kitu kipya kinafungwa "kwa muda", na muda ule haumaliziki.

Lakini Banki Kuu ilikuwa imeandika masharti tangu mbele, kwa hiyo kulikuwa kitu cha kuchunguza. Feza iko katika konti ya amana, ao haiko? Jumla ya feza ya telefone inalingana na jumla ya banki, ao hailingani? Maulizo ya namna hii yanajibiwa kwa karatasi na hesabu, si kwa kelele. Mwezi wa 1 mwaka wa 2009 jibu likatoka kama kazi ni salama, na iendelee. Sisi tunaona kama siku ile ndipo sheria ilipookoa ufundi. Bila masharti yale Safaricom ingekuwa na neno lake tu la kusema "mtuamini", na mabanki yangeshinda.

Baadaye sheria ilikua pamoja na kitu chenyewe. Mwaka wa 2011 bunge lilitoa sheria ya njia za kulipa feza, na mwaka wa 2014 kanuni zake zikafuata. Miaka saba baada ya barua! Wengine wanasema walichelewa. Sisi tunafikiri kwa upande wa feza ya wateja hawakuchelewa, kwa maana walichoandika mwaka wa 2014 walikuwa wamekiona kwa macho.

Kwa upande mwingine walichelewa kweli, na haifai kulificha. Safaricom ilikataza wenye kabini wake wasifanye kazi ya kompani nyingine. Hivi mshindani mdogo hakuweza kupata kabini, na mkubwa akazidi kuwa mkubwa. Ni katika mwaka wa 2014 tu ndipo mamlaka ya mashindano ya biashara ikaamuru kabini ziwe wazi kwa wote. Vilevile na mikopo ya telefone. Kompani nyingi zilianza kukopesha watu kwa haraka, kwa faida kubwa mno, na mtu asipolipa walipigia simu jamaa zake na mkubwa wake wa kazi kusudi apate haya. Banki Kuu haikuwa na mamlaka juu yao mpaka sheria ya mwaka wa 2021 na kanuni za 2022, ambazo zinadai ruhusa na kukataza kufezehesha watu namna ile. Vijana wengi walikuwa wamekwisha kuumia. Mkopo ule ulipita mlango wa nyuma: haukuwa banki, haukuwa M-Pesa, na kila ofisi ilisema si kazi yake.

Hata hivyo tazama namba. Mwaka wa 2006 watu wazima 27 hivi kwa 100 katika Kenya walikuwa na njia ya kweli ya kutunza ao kutuma feza, iliyo chini ya sheria. Mwaka wa 2019 walikuwa 83 kwa 100.

NCHI ILIYOSHIKA NJIA NYINGINE

Nigeria ni nchi kubwa, yenye watu wengi na wafanyabiashara hodari kupita sisi sote. Mwaka wa 2009 Banki Kuu yao iliandika kanuni za feza ya telefone mbele, nzuri, zenye mpango. Lakini ziliweka neno hili: kompani za telefone zisiongoze kazi hiyo. Mabanki na wengine waongoze. Kompani za telefone zitoe njia tu. Waliogopa kwamba kompani hizi zitakuwa na nguvu mno, na mkisoma habari ya kabini za Kenya mtaona kama hofu ile haikuwa ya bure. Lakini wenye vibanda vya kuuza inite katika kila mtaa walikuwa watu wa kompani za telefone, si wa mabanki. Feza ya telefone ilitembea polepole miaka mingi. Mwaka wa 2018 kanuni zikageuzwa kwa kufungua namna nyingine ya banki, ya kulipa tu pasipo kukopesha, na mwaka wa 2022 kompani kubwa za telefone zikaanza kazi kwa njia ile. Ukihesabu tangu 2009, ni miaka 13.

Angalia kama Nigeria haikukosa sheria. Ilikuwa nayo hata mbele ya Kenya. Tofauti ni kwamba Kenya iliuliza "feza ya mteja italindwa namna gani?", Nigeria ikauliza "nani anaruhusiwa?" Ulizo la pili ni jepesi zaidi kujibu, na pengine ndiyo sababu ofisi nyingi zinalipenda.

Kwa jirani zetu wa Rwanda kuna mfano mfupi wa ulizo la kwanza, ingawa si wa feza. Tangu mwezi wa 10 mwaka wa 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zinapeleka damu kwa hospitali, zikiondoka Muhanga. Serikali ilizikubali zianze katika sehemu moja na kazi moja, na kanuni za mwaka wa 2018 ziliangalia usalama unaopatikana kuliko kuandika ndege iwe na mabawa gani. Kama wangeandika juu ya mabawa, kila fundi mwenye bawa jipya angengoja bunge.

KWETU KONGO

Wengine watasema: hayo ni ya Kenya, sisi hatuna kitu. Si kweli. Banki Kuu ya Kongo ilitoa agizo lake namba 24 katika mwaka wa 2011, juu ya feza ya elektroniki. Liliruhusu kitu ambacho Nigeria ilikataa: kompani ya telefone inaweza kuunda nyumba ya pembeni kwa kazi hiyo tu, chini ya macho ya Banki Kuu, na feza ya wateja ilindwe. Mwaka uliofuata, 2012, kazi ikaanza kusambaa, na leo tunayo konti ya franka na konti ya dola katika telefone moja, jambo ambalo Wakenya hawakulihitaji. Mwaka wa 2018 sheria namba 18/019 ya njia za kulipa ikatolewa. Kwa hiyo yule mama wa samaki akiuliza feza yake iko wapi, tunaweza kumjibu: sheria inataka iwe katika banki, mbali na mali ya kompani.

Tumeona vilevile sheria ya namna nyingine. Mwezi wa 9 mwaka wa 2020 ilianza RAM, ni kusema daftari la vyombo vya telefone. Walisema ni juu ya kupiga vita wizi na telefone za bandia. Shabaha hiyo ni nzuri, nani asiyeibiwa telefone? Lakini kilichoonekana kwa watu ni inite zinazokatwa. Mtu anaweka inite za kupigia mgonjwa, kabla hajapiga zimepunguka. Kwa telefone zenye mtandao wa haraka ilikuwa dola 7 kwa mwaka. Watu walilalamika katika nchi nzima na bungeni pia, na katika mwaka wa 2022 ikaondolewa. Uganda walipata somo la jamaa moja na hilo: mwezi wa 7 mwaka wa 2018 waliweka kodi ya 1 kwa 100 juu ya feza ya telefone, watu wakarudilia noti, na kabla mwaka haujaisha kodi ikashushwa mpaka nusu, kwa kutoa feza peke yake. Serikali inahitaji kodi, hatubishi. Lakini ukiweka kizuizi kwenye njia ambayo maskini ameanza kuizoea jana, anageuka na kurudi nyuma.

Na iko jambo ambalo hakuna sheria ya karatasi inayolitosheleza. Katika mwaka wa 2025, vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, mabanki yalifunga milango. Mshahara, msaada wa jamaa walio mbali, feza ya dawa, mengi yalipita katika telefone. Konti za watu zilibaki salama: sharti la kutenga feza lilifanya kazi yake. Lakini noti zilikosekana. Kumbukeni hesabu yetu: kabini inaweza kukutolea noti tu kama noti ziko katika sanduku. Pasipo banki ya kupata noti, sanduku linakauka, na wenye kabini wengi waliomba beyi kubwa kupita ile iliyoandikwa. Mtu alikuwa na dola 50 anazoziona kwa macho, akapata chini ya hizo mkononi. Wengine waliita jambo hilo wizi. Sisi tunasema mwenye kabini naye alinunua noti kwa beyi kubwa; ila pale ambapo mtu mmoja tu ana noti katika mtaa, hakuna wa kumzuia. Jibu moja ni kupunguza haja ya noti: kama mwenye duka, mwenye moto na shule wanapokea feza ya telefone moja kwa moja, ya kompani yoyote, mtu hahitaji kabini. Kwa hiyo sharti la kulazimisha kompani zote zipitishiane feza kwa beyi ndogo linafaa zaidi kuliko kuwatisha wenye kabini. Hilo ni wazo letu, mlipime.

Baadhi yenu mnajifunza kutengeneza programu za telefone, na mmetuuliza kama mnapashwa kungoja ruhusa. Fanyeni hesabu ileile. Kama programu yako inaonyesha beyi ya maharagwe katika masoko matatu, hatari ni ndogo. Anza, sahihisha ukiona makosa. Kama inapokea feza ya watu, hata franka 500 za kikundi cha likelemba, umeshika kitu cha mama wa samaki. Mtafute anayejua sheria ya 2018 mbele hujapokea feza ya kwanza, na uwe na daftari ambalo mgeni anaweza kulichunguza. Daftari lile ndilo litakalokutetea siku wenye nguvu watakapokuja kulalamika.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA

1. Kabini A iko na dola 60 za telefone na dola 40 za noti. Watu watatu wanataka kutosha dola 20 kila mmoja. Wangapi watapata? Kabini ifanye nini kusudi wa tatu apate pia?

2. Sheria ya bendera nyekundu ililinda nani? Ungeiandika namna gani wewe, mwaka ule wa 1865, ukijua yale tu waliyoyajua wao?

3. Kenya iliachilia kompani moja ikue sana, Nigeria ilizuia kompani za telefone zisiongoze. Kama ungekuwa gavana wa Banki Kuu, ungeweka sharti gani juu ya kabini tangu siku ya kwanza?

4. Ulizeni wenye kabini watatu katika mtaa wenu: wanapata noti wapi, na siku gani zinakosekana? Andikeni majibu pasipo majina yao, mlete kwa mwalimu wa hesabu kabla ya mwisho wa mwezi.